Kabla hujaingia kwenye trela, uliza makato

Juzi kijana wa jirani yangu hapa Mikindani alinijia na karatasi mkononi. Amepata leseni ya magari makubwa na kampuni moja inamtaka. Akaniuliza, "Ami, hizi pesa ni nzuri?"

Ile karatasi haikuwa mkataba. Ilikuwa ni orodha ya safari, Nairobi hivi, Malaba hivi, Kampala hivi. Nimekuwa karani katika yadi ya malori miaka sita, nikajua kilichokosekana.

Madereva wengi wa hapa Mombasa hulipwa kwa mafungu mawili. Kuna mshahara wa mwezi, kisha kuna pesa za safari anazopewa mkononi kabla hajatoka. Hizo pesa za safari ndizo zinazonunua chakula, zinazolipa maegesho na mlinzi wa usiku, na yale mengine ya njiani yasiyokuwa na risiti. Kinachobaki ndicho chake. Kwa hivyo foleni ya siku tatu mpakani inaliwa na dereva, si na tajiri. Mwaka 2020, wakati wa vipimo vya korona pale Malaba na Busia, waliliona hilo waziwazi.

Kisheria, dereva wa gari zito la biashara ana kima chake. Agizo la mishahara la 2022 liliweka shilingi 34,302 kwa mwezi kwa miji mikubwa, Mombasa ikiwemo, bila ya posho ya nyumba, na mwaka 2024 kima kikapandishwa kwa asilimia 6. Pesa za safari si mshahara. Tajiri akizijumlisha ili afikie kima, anakuhesabia chakula chako cha Mtito Andei kama malipo ya kazi.

Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi, siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Sheria ya barabarani nayo inamzuia dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika saa 24. Trela lililobeba kasha kutoka bandarini hadi Nairobi, takriban kilomita 480, na mizani ya Mariakani katikati, saa nane hazimtoshi. Lakini dereva anayelipwa kwa safari hasimami.

Nije kwenye makato, maana hapo mkono wangu umo. Ofisi yetu iliweka lita maalumu za dizeli kwa kila safari. Zikizidi, dereva analipa. Injini kuukuu, foleni, mlima, hakuna aliyeuliza. Tairi likipasuka, nusu ni yake. Mimi ndiye niliyeyaandika yale makato. Mwezi mmoja nilimkabidhi mzee wa Jomvu bahasha yenye shilingi mia nane. Akazihesabu, akaniambia, "Bwana karani, na wewe umeridhia?" Nikamjibu kuwa ni amri ya ofisi.

Baadaye nilipoisoma sheria nikakuta kuwa mali ya mwajiri ikiharibika au kupotea, mfanyakazi hukatwa ikiwa ni kwa makusudi yake, na makato yote kwa jumla hayawezi kupita thuluthi mbili za mshahara. Pia ni haki yake kupewa hati ya malipo inayoonyesha kila kilichokatwa. Yule mzee hakupewa kitu.

Kwa nini wanavumilia? Tangu mizigo ianze kupanda SGR mwaka 2018, na hasa baada ya amri ya 2019 iliyowatoa watu barabarani kuandamana, wenye leseni wamekuwa wengi kuliko malori. Mwaka 2022 serikali ilirudisha shughuli za bandari Mombasa, lakini anayekataa masharti bado anajua kuna mwengine amesimama langoni Changamwe.

Nilimwandikia kijana maswali matatu: mshahara wa mwezi ni ngapi bila pesa za safari, dizeli ikizidi inapimwa vipi na nani, na bima ya ajali kazini iko wapi. Alirudi nayo. Mshahara wameuandika, bima wamemwonyesha. La dizeli wamesema litazungumzwa. Anaondoka Ijumaa baada ya swala, mzigo ni wa Kampala.