Kalenga, Juni 1954, na sigara ya embe

Kutoka Iringa mjini mpaka Kalenga ni kama kilomita 15, kwa barabara ile ile inayokwenda Hifadhi ya Ruaha. Anayetarajia kukuta ngome ataduwaa. Kuta za Mkwawa zilipigwa mizinga na Wajerumani Oktoba 1894, na leo mgeni anaonyeshwa jengo dogo tu la makumbusho, silaha chache, makaburi ya ukoo nje, na fuvu ndani ya kioo. Mwaka jana nilikwenda na mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo. Tulipotoka ndani akajitenga kidogo, akatoa mfukoni kidude cha bluu, akavuta. Harufu ya embe ilinifikia nikiwa bado mlangoni.

"Mjomba, hii si sigara. Ni mvuke tu. Wazungu wameshapima."

Hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu dakika tano kabla tulikuwa tumesimama mbele ya kitu kingine ambacho Wazungu walishakipima.

Mkwawa alijipiga risasi Julai 19, 1898, asikamatwe hai. Kichwa kikakatwa, kikaondoka. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kiliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Mwaka 1953 gavana wa Tanganyika, Edward Twining, akaenda mwenyewe makumbusho ya Bremen, kwenye mafuvu kama 2,000, ambayo 84 kati yake yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alikuwa na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Akatafuta mafuvu yanayokaribiana na vipimo hivyo, na miongoni mwake akakuta moja lenye tundu la risasi. Likaja. Juni 19, 1954, hapo hapo Kalenga, akamkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Sina nia ya kumvua mtu imani yake, na mimi mwenyewe huvua kofia ninapoingia mle ndani. Lakini tazama rula ile ilijibu nini. Twining aliuliza ni lipi kati ya haya linafanana zaidi na vichwa vya ndugu zake, na rula ikamjibu hilo. Kama la Mkwawa lilikuwemo kabatini au halikuwemo, rula haikuulizwa.

Babu yangu alikuwepo siku ile. Alipotusimulia, kofia ya gavana yenye manyoya ilichukua nafasi kubwa kuliko fuvu. Alikuwa kibarua kwenye shamba la tumbaku la Mgiriki, maana walowezi wa Kigiriki ndio walioishika sana tumbaku ya Iringa, ile ya Virginia. Kazi yake ilikuwa kulinda moto wa bani. Majani yanatundikwa juu, moto unawaka nje, joto linapita ndani kwa mabomba bila moshi kuligusa jani, usiku na mchana kwa karibu wiki nzima. Kuna kipimajoto. Joto likipanda upesi, jani linakuwa na rangi mbaya na bei inaanguka, kwa hiyo alilala akiamka, analala tena anaamka, anakwenda kutazama namba. Kwa mkulima wa Kitanzania, mpaka leo, tumbaku hiyo inaitwa tumbaku ya mvuke, ili kuitofautisha na ile ya moshi inayolimwa kule Songea. Nilipomweleza mpwa wangu hilo alicheka. Neno alilokuwa akilitumia kuisafisha sigara yake lilishatumika zamani kwenye shamba alilofanyia kazi babu yake mkuu.

Jani lilipimwa joto kila saa. Kifua cha babu hakikupimwa na mtu. Alivuta kiko mpaka mwisho, akikohoa kila alfajiri kwa namna ambayo sisi watoto tuliifanya saa ya kuamkia.

Sasa, wiki moja kamili baada ya sherehe ya Kalenga, Juni 26, 1954, jarida la British Medical Journal lilichapisha makala fupi ya Richard Doll na Austin Bradford Hill. Mwaka 1951 walikuwa wamewaandikia madaktari wa Uingereza wakiwauliza jambo jepesi: unavuta? Kiasi gani? Kisha wakakaa kusubiri vifo. Kufikia makala hiyo walikuwa na vifo 789 vya wanaume wa miaka 35 na zaidi. Kati yake 36 vilitokana na saratani ya mapafu, na hakuna hata kimoja cha mtu asiyevuta. Namba ndogo mno! Ila hawakuziacha. Madaktari wale waliendelea kufuatiliwa, na mwaka 2004, miaka 50 baadaye, ndipo ilipoandikwa kwa uhakika kwamba mvutaji asiyeacha hupoteza wastani wa miaka 10 ya uhai wake. Kumbuka sigara ilikuwa imeshauzwa kwa mamilioni ya watu kwa nusu karne kabla hata swali lile halijaulizwa.

Sigara ya kielektroniki bado ni mtoto. Mfamasia wa Kichina, Hon Lik, ambaye baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu, aliibuni mwaka 2003. Ni mwaka ule ule Bunge letu lilipopitisha Sheria ya Bidhaa za Tumbaku, sheria ambayo kwa vyovyote haikuandikwa ikiwa na kidude hiki akilini. Uganda waliandika yao mwaka 2015, wakawahi kukitaja na kukipiga marufuku.

Na ni kweli, Wazungu wamepima. Auckland, mwaka 2013, wavutaji 657 waliotaka kuacha waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine sigara hizi zenye nikotini, wengine plasta za nikotini, wachache sigara zisizo na nikotini. Baada ya miezi sita walioacha tumbaku walikuwa asilimia 7.3, 5.8 na 4.1. Tofauti hiyo haitoshi kumshawishi mtakwimu. Uingereza, mwaka 2019, utafiti wa watu 886 ulikuja na jibu zito zaidi: baada ya mwaka mmoja asilimia 18 ya waliopewa sigara za kielektroniki walikuwa wameacha tumbaku, dhidi ya asilimia 9.9 ya waliopewa plasta, chingamu na mfano wake. Ni habari njema hiyo, na siioni aibu kuisema. Laiti babu angepewa.

Ila katika kundi lile la kwanza, kati ya walioacha, asilimia 80 walikuwa bado wanavuta kidude chenyewe mwaka ulipoisha. Kwenye kundi la pili waliobaki na plasta na chingamu zao walikuwa asilimia 9. Na wote 886 walikuwa wavutaji waliokwenda wenyewe kuomba msaada. Hakuna mle kijana wa miaka 21 ambaye hajawahi kuwasha sigara maishani.

Nilimwomba anipe nikitazame. Maandishi ni madogo kama miguu ya siafu. Tukasogea juani, yeye akasoma: nikotini asilimia 5. Hiyo ni miligramu 50 kwa mililita. Kimiminika walichoanzishiwa wale Waingereza kilikuwa na 18, na sheria za Ulaya haziruhusu kuzidi 20.

"Kwa hiyo walichopima si hiki," akasema.

"Si hiki. Na waliyempima si wewe."

Akanyamaza kidogo, kisha akageuka kutazama mlango wa makumbusho. Kijana huyu ana ulimi, mama yake anamjua.

"Na lile fuvu, Mjomba? Ni lake au si lake?"

Nikamwambia Wahehe walilipokea, wakalilia, na mimi nikija hulisalimu: kamwene. Akasema hilo si jibu. Kweli, si jibu. Tukatoka mpaka barabarani kusubiri hiace, na kabla haijafika alikuwa ameshakitoa tena mfukoni, anakizungusha vidoleni, hajakiweka mdomoni.