Kina Mama wa Hariri na Nyavu za Nywele



Wenzangu wameshaeleza habari za hisa na mikopo. Mimi nawapeleka mbali kidogo, mji wa London huko Uingereza, miaka zaidi ya 600 iliyopita.

Zama hizo wanawake wa Ulaya walifunika nywele zao kwa wavu mwembamba wa hariri. Mabaki ya nyavu za miaka ya 1300 yamechimbuliwa London, kwenye udongo wa majimaji kando ya Mto Thames. Jicho la wavu ni milimita chache tu! Vifaa vilikuwa viwili. Kuna sindano ya shaba au chuma yenye panda huku na huku, uzi unazungushiwa katikati yake. Halafu kuna kijiti chembamba. Uzi unapita juu ya kijiti, unapigwa fundo, unaendelea, basi matundu yote yanalingana. Fundo ni lile lile la wavuvi, ila hapa dogo mno. Mwenzangu anayefuma vitambaa usiku kwa taa ataelewa.

Kazi ya hariri London ilikuwa mikononi mwa wanawake. Msichana alikaa kwa fundi miaka 7 au zaidi ndipo ahitimu. Na mke wa mtu akitaka biashara yake mwenyewe, desturi ya mji ilimruhusu: deni lake ni lake, mume hadaiwi. Hapo nilicheka peke yangu.

Shida ilikuwa uzi. Hariri haikutoka Uingereza, ililetwa na Waitalia. Mwaka 1368 mfanyabiashara mmoja wa Italia akalaumiwa kwamba ameinunua yote na kupandisha bei. Wale kina mama wakapeleka malalamiko kwa mfalme Edward wa Tatu na kwa meya. Mwaka 1455 wakaenda mpaka Bungeni, maana sasa vitu vya hariri vilivyokwisha tengenezwa vilikuwa vinaingia kutoka nje. Walisema wanawake zaidi ya 1,000 wako katika kazi hiyo. Bunge likakataza bidhaa hizo kwa miaka 5.

Linalonisikitisha ni kwamba hawakuwa na chama. Wenzao wa Paris walikuwa navyo tangu miaka ya 1200, na wa Cologne, Ujerumani, wakapata chao mwaka 1437. Wa London kila mtu na lake, wanakutana siku ya shida tu. Mwaka 1482 walikuwa bado wanapeleka malalamiko yale yale.

Ni mimi Mwenyekiti wenu.