Bei Maalumu: Mkataba Uliowasitiri Watunzi wa Programu

Katika zama ambazo kompyuta moja ilijaza chumba kizima, na programu zake zikitolewa bure pamoja na mashine yenyewe, kama tanga linavyofuata jahazi lililouzwa, mtu aliyetaka kulipwa kwa programu peke yake alichekwa waziwazi. Juu ya hayo, mwaka 1962, nchini Uingereza, Bibi Stephanie Shirley, aliyefika huko mwaka 1939 akiwa mkimbizi wa miaka 5 bila ya wazazi wake, alianzisha nyumbani kwake, kwa rasilimali ya pauni 6, kampuni aliyoiita Freelance Programmers. Barua alizowapelekea wakuu wa makampuni zilikosa majibu, hata mumewe alipompa shauri atie sahihi ya “Steve”, jina la kiume, ndipo milango ilipoanza kufunguka.

Wafanyakazi wake walikuwa wanawake hodari ambao ndoa na uzazi vilikuwa vimewatoa maofisini. Katika 300 wa kwanza, wanaume walikuwa 3 tu. Waliandika programu kwa kalamu ya risasi majumbani mwao, huku wakilea. Naye Bibi Shirley, simu ya mteja ilipolia, alifungulia ukanda wenye mlio wa taipureta ili sauti za nyumbani zisisikike.

Lakini hekima yake kubwa ilikuwa katika mkataba. Mteja alipaye kwa saa ana haki ya kuuliza ni nani aliyekaa mezani na tangu lini; mteja aliyeafiki bei maalumu ya kazi nzima huuliza tu iwapo kazi imekamilika kama alivyoagiza. Bibi Shirley, miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa katika biashara hiyo, aliuza kwa bei maalumu, na mkataba ukawa sitara ya wanawake wake. Sharti lake ni zito: atajaye bei kabla ya kazi kuanza hana budi kuipima kwa ukamilifu na kuandika bayana kitakachokabidhiwa, na akikosea makadirio, hasara ni yake.

Ahadi waliitimiza, hata programu ya kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde ikatungwa na wanawake hao majumbani. Baada ya sheria ya mwaka 1975 iliyokataza ubaguzi wa jinsia, wanaume nao walikaribishwa. Na Bibi Shirley akawagawia wafanyakazi sehemu ya hisa zake mwenyewe, hata 70 kati yao wakawa mamilionea. Anastahili taadhima, kwa kuwa alithibitisha kwamba ujira ukifungamana na kazi iliyokabidhiwa, wala si kiti kilichokaliwa, hata waliokwisha kutolewa hesabuni hupata mahali pa kudhihirisha maarifa yao.