Kibanda cha kurekodia nyumbani: trei za mayai hazitoshi kufuta mwangwi

Busiu ni mji mdogo wa wilaya ya Mbale, mashariki mwa Uganda, kando ya barabara kuu iendayo Tororo. Anayetaka kurekodi sauti nyumbani kwake hapo, awe mwimbaji wa kwaya, mwalimu wa Kiswahili au mwandishi anayeisomea redio taarifa yake, hukabiliwa na maadui wawili. Wa kwanza ni kelele za nje: malori, bodaboda na mvua juu ya mabati. Wa pili ni sauti yake mwenyewe, inayomrudia kutoka kwenye kuta za matofali. Wengi huwakabili wote wawili kwa silaha moja na kupoteza fedha zao. Wengine, bila kujua, huhatarisha maisha.

Kuzuia si kufyonza

Kelele za nje huzuiwa na uzito pamoja na kuziba nyufa. Ukuta wa matofali uliopigwa plasta ni kinga nzuri; udhaifu uko kwenye dirisha, mwanya wa chini ya mlango na paa. Blanketi lililotundikwa ukutani haliwezi kulizuia lori. Ngoma za kadodi, zinazovuma katika msimu wa imbalu kila baada ya miaka miwili, zina mvumo mzito ambao kibanda chepesi cha mbao hakiuwezi. Dawa ni kuziba mianya, kuweka dari chini ya mabati na kuchagua saa tulivu.

Mwangwi wa ndani hutibiwa kwa njia nyingine. Huhitaji kitu laini chenye nyuzi na matundu madogo madogo. Hewa inayotikiswa na sauti hupenya humo, ikasuguana na nyuzi, na nguvu yake ikageuka joto kidogo mno.

Mwaka 1895, mwanafizikia Wallace Sabine alitakiwa kurekebisha ukumbi wa mihadhara wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ambamo neno moja liliendelea kusikika kwa zaidi ya sekunde 5. Usiku alihamishia humo mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, akapima jinsi mwangwi ulivyopungua kadiri mito ilivyoongezeka. Alithibitisha kwamba muda wa mwangwi hutegemea ukubwa wa chumba na jumla ya ufyonzaji uliomo.

Kwa nini unene

Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Sauti nyembamba ya hezi 1,000 ina wimbi la sentimita 34. Sauti nzito ya hezi 100 ina wimbi la mita 3.4. Kifyonzi hufanya kazi vyema pale unene wake, pamoja na nafasi ya hewa iliyo nyuma yake, unapokaribia robo ya wimbi.

Ndiyo maana trei za mayai, ambazo ni karatasi nyembamba, hazifai kutegemewa. Hupunguza kiasi sauti za juu tu na kuuacha mvumo, kana kwamba msomaji yumo ndani ya pipa. Zulia jembamba ukutani lina kasoro hiyohiyo.

Ukubwa wa kibanda nao una madhara. Kibanda chenye upana na urefu wa mita 1.2 hukuza sauti zinazokaribia hezi 142, na sauti ya kawaida ya mwanamume hupita papo hapo. Pande mbili zikilingana, mvumo huongezeka maradufu. Kwa hiyo pembe ya chumba cha kulala chenye kitanda, godoro na nguo nyingi mara nyingi hushinda kisanduku kilichojengwa kwa gharama.

Fremu ya kujitengenezea

Tengeneza fremu za mbao zenye kina cha sentimita 10 hadi 15. Zijaze mablanketi mazito, taulo au mitumba ya pamba na sufu, bila kushindilia. Zifunike kwa kitambaa kinachopitisha pumzi. Gunia safi la kahawa hufaa. Ukipuliza na pumzi isipite, sauti nayo haitapita.

Ziache mbali na ukuta kwa sentimita 10. Kwa mpango huo, ufyonzaji huwa kamili kuanzia takriban hezi 400, na chini ya hapo husaidia kwa kiasi.

Fremu ya kwanza iwe nyuma ya msomaji, kwa kuwa maikrofoni inayomtazama huusikia pia ukuta ulio nyuma yake. Mbili zinazofuata zikae pembeni, kushoto na kulia, na ya nne juu ya kichwa. Sakafuni tandika zulia. Inua fremu kidogo kutoka chini ili unyevu na mchwa visizifikie.

Moto na hewa

Sponji ya magodoro hufyonza sauti, lakini ikiwaka hutoa moshi wenye sumu. Mwaka 2003, watu 100 walifariki katika ukumbi wa starehe wa The Station huko Rhode Island, Marekani, baada ya fataki kuwasha sponji iliyobandikwa ukutani ili kupunguza sauti. Mwaka 2013, watu 242 walipoteza maisha kwa namna hiyohiyo katika ukumbi wa Kiss mjini Santa Maria, Brazil.

Vitambaa navyo huungua. Sufu hushika moto kwa shida zaidi kuliko pamba. Pamba ya msufi huwaka upesi mno, hivyo iepukwe. Umeme ukikatika, usiingie na mshumaa wala taa ya mafuta, tumia tochi. Mlango ufunguke kwa nje na usifungwe kwa kufuli, na kila baada ya dakika chache uachwe wazi ili hewa ibadilike.

Kupima matokeo

Rekodi sentensi moja kabla ya kuweka fremu, kisha uirudie baada ya kila fremu, ukisimama palepale, maikrofoni ikiwa sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni. Sikiliza kwa visikizi vya masikioni. Usiposikia tena tofauti kati ya fremu mpya na iliyotangulia, hapo umefika. Fedha iliyobaki itafaa zaidi kwa kuziba mlango.