Fedha za zuio katika mikataba ya ujenzi

Fedha za zuio ni sehemu ya malipo ya mkandarasi ambayo mwajiri huibakiza kila anapolipa hati ya malipo, hadi kazi ikamilike na kasoro zake zirekebishwe. Mkandarasi akiacha paa linalovuja na akakataa kurudi, mwajiri huzitumia kumlipa fundi mwingine.

Kiwango cha makato na kikomo chake huwekwa na mkataba. Mkataba wa shilingi bilioni 1 unaweza kuruhusu makato ya 10% ya kila hati, kikomo kikiwa 5% ya bei ya mkataba. Hati ya shilingi milioni 100 itakatwa milioni 10. Baada ya hati tano za kiasi hicho, zuio hufika milioni 50 na makato husimama.

Kwa masharti ya mikataba ya mwaka 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, nusu ya zuio hurejeshwa baada ya kutolewa hati ya kupokea kazi, na iliyobaki baada ya kipindi cha matazamio, yaani muda wa mkandarasi kurekebisha kasoro zinazojitokeza. Kazi ya marekebisho ikiwa bado haijafanywa, mhandisi anaweza kuzuia gharama inayokadiriwa ya kazi hiyo.

Hatari huwaangukia zaidi wakandarasi wadogo, kwa kuwa anayeshikilia fedha zao akifilisika, wao hujikuta kwenye foleni ya wadai. Hayo yalitokea New Zealand mwaka 2013, kampuni ya ujenzi ya Mainzeal ilipoanguka. Tangu 2017 sheria ya nchi hiyo inataka zuio litunzwe kama amana, na marekebisho ya 2023 yakaongeza sharti la akaunti ya benki ya peke yake pamoja na taarifa kwa mwenye fedha kila baada ya miezi mitatu.

Huko California, Marekani, zuio katika miradi ya umma kwa kawaida halizidi 5%, na hutakiwa kulipwa ndani ya siku 60 baada ya kazi kukamilika. Pakiwa na mgogoro, kinachoruhusiwa kuzuiwa hakizidi 150% ya kiasi kinachobishaniwa. Anayezuia isivyo halali hutozwa 2% kwa mwezi.

Zuio ni ujira wa kazi iliyokwisha kufanyika, wala si mtaji wa mwajiri. Kwa hiyo mkataba wa haki hutaja wazi kiwango, kikomo, wakati wa kurejesha na mahali fedha zinapotunzwa.