Kata ya Msikitini

Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja tu. Ilikuwa mwaka 1331, naye msafiri huyo mzaliwa wa Tangier, Moroko, alikuwa njiani kwenda Kilwa. Usiku mmoja hautoshi kuujua mji. Hata hivyo, mwaka 1355, alipomaliza kumsimulia mwandishi Ibn Juzayy habari za safari zake, ndani yake mlikuwa na kata ya maji ya msikitini, hata na urefu wa mpini wake: dhiraa moja.

Anasimulia kwamba misikiti ya Mombasa ilijengwa kwa mbao, na kwenye kila mlango palikuwa na kisima kimoja au viwili vya kina kifupi, pamoja na chombo cha mti kilichotiwa kijiti cha kutekea. Watu walitembea pekupeku. Aliyetaka kuingia aliosha miguu, kisha akaipangusa kwenye kipande cha jamvi nene mlangoni. Basi. Katika maelezo hayo hayumo bawabu, wala mwenye kisima, wala wa kumuuliza mgeni katoka wapi.

Mogadishu, alikopitia kabla, mambo yalikuwa mengine. Meli ilipofika, vijana waliiendea kwa sambuku, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Alimkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Ukarimu wa kupendeza, ila biashara nayo ilikuwa mle mle sahanini: tangu hapo mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia mgeni, na aliyeuziana na mgeni pasipo mwenyeji kuwapo, mauzo yake yalikuwa batili. Ibn Battuta aliponea chupuchupu. Walipojua kuwa ni mwanachuoni, wakamtangaza kuwa mgeni wa kadhi.

Kilwa ukarimu ulikuwa wa kifalme. Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi, alisimamishwa na fakiri wa Kiyemeni baada ya sala ya Ijumaa. Fakiri aliomba nguo zilizokuwa mwilini mwa sultani, tena papo hapo. Sultani akarudi, akazivua, akampa. Laiti kisa kingeishia hapo! Mrithi wa sultani alizichukua nguo zile na badala yake akampa fakiri watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu wanavyomsifu, akaongeza watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Sifa zilibaki kwa mtoaji. Watu ishirini waliotolewa hawakutajwa hata jina moja.

Kata ya Mombasa ni ndogo kuliko vipawa hivyo vyote, na aliyeiweka hajulikani. Lakini jamvi linalokanyagwa na miguu mibichi kutwa halidumu; lazima alikuwapo mtu wa kulibadilisha, na mwingine wa kuchonga kijiti kipya cha zamani kikivunjika.

Mbao za misikiti ile zimeoza. Gede, mji wa kale karibu na Malindi, walijenga kwa mawe ya matumbawe, na kisima na birika la Msikiti Mkuu vingalipo. Magofu ya mji huo yaliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Ukifika huko, usiishie kwenye mihrabu. Pita na upande wa kutawadhia.