Fimbo ya Mbali

Wahenga walisema: fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii yajulikana na kila mtoto wa pwani, na hekima yake ni kubwa. Lakini, msomaji kijana, yafaa tuulize swali moja. Je, mwalimu naye ni fimbo? Akitengwa na wanafunzi wake, mafundisho yake hayawezi tena kumwua nyoka wa ujinga? Swali hili si la mchezo. Lilitubishia mlango mwaka 2020, nalo laweza kuturudia mwaka wowote. Njia bora ya kulijibu ni kuitazama historia, maana historia ni mwalimu asiyechoka kurudia somo lake.

Elimu ilisafiri katika pwani yetu kabla ya kuwako kwa redio. Ilisafiri kwa karatasi. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza kutoa jarida aliloliita Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah. Kwa kalamu yake aliwafundisha watu ambao hawakupata kuketi mbele yake. Hayo yalikuwa mafundisho ya mbali, na manufaa yake yalikuwa mengi. Hata hivyo gazeti husema kuliko linavyosikia. Mwandishi hawezi kuona uso wa msomaji wake akajua kama amefahamu au amepotea njia.

Upungufu huo ulitafutiwa dawa katika nchi mbalimbali. Mwaka 1951, katika mji wa Alice Springs nchini Australia, ilifunguliwa shule isiyokuwa na madawati. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa wafugaji, walioishi katika nyika pana ambako nyumba moja na nyingine hutengwa na mwendo wa maili nyingi. Mwalimu alinena mbele ya chombo mjini, na watoto wakamsikia nyumbani kwao. La ajabu si kwamba walisikia, bali kwamba waliweza kujibu. Redio zile zilikuwa za kupokezana maneno, za namna ile ile iliyotumiwa na wakazi wa nyika kuwaita madaktari waliosafiri kwa ndege. Hapo fimbo ya mbali ilianza kupata urefu.

Kwetu Kenya hatukuwa na vyombo vya namna hiyo, lakini tulikuwa na posta. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho wakati ule kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilianzisha huko Kikuyu idara ya masomo kwa njia ya posta. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa walimu wa shule za msingi waliokuwa na elimu haba. Nchi changa haikuweza kuwatoa wote madarasani ili waende vyuoni. Basi chuo kiliwafuata walipo. Vitabu na miongozo vilipelekwa kwa posta, vipindi vya Sauti ya Kenya vikayaeleza yaliyo magumu, na wanafunzi wakazirudisha kazi zao ili zisahihishwe. Wakati wa likizo waliweza kukutana na wakufunzi wao ana kwa ana. Angalia, msomaji, jinsi mpango huo ulivyosukwa: karatasi ilifundisha, redio ilieleza, na masahihisho yalirudi. Kamba ya nyuzi tatu haikatiki upesi.

Jirani zetu wa Tanzania waliongeza uzi wa nne. Mwaka 1973 ilifanywa kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya, iliyofundisha watu wazima namna ya kujikinga na maradhi. Mafunzo yalitoka katika redio, lakini hakuna aliyeachwa asikilize peke yake. Watu walikusanyika katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake, na viongozi wapatao 75,000 walikuwa wamefundishwa kazi hiyo. Baada ya kusikiliza, walisoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka wakafanya kazi: kuchimba vyoo, kufyeka nyasi, kusafisha visima. Yakadiriwa kwamba watu milioni 2 walishiriki. Redio ilikuwa sauti tu. Kikundi kilikuwa mikono na miguu yake.

Miaka ya 1980 Kenya ilijaribu tena. Watoto wa madarasa ya chini ya shule za msingi walifundishwa Kiingereza kwa redio, kwa vipindi vya nusu saa. Msomaji wa redio aliuliza, kisha akanyamaza kidogo, na katika kimya hicho watoto wakajibu kwa sauti huku mwalimu wao akiwasimamia darasani. Hata redio ya njia moja, basi, yaweza kufunzwa adabu ya kusubiri jawabu.

Sasa tuje nyumbani. Tarehe 15 Machi 2020 serikali ilitangaza kwamba shule zote zifungwe kwa sababu ya maradhi ya korona. Kuanzia tarehe 8 Aprili watu walizuiwa kuingia na kutoka katika kaunti ya Kilifi, na amri hiyo haikuondolewa mpaka mwezi wa Juni. Madarasa matatu tu, yaani gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4, ndiyo yaliyorudi shuleni tarehe 12 Oktoba. Wengine walingoja mpaka tarehe 4 Januari 2021. Hiyo ni zaidi ya miezi tisa. Mtoto huweza kutungwa mimba na kuzaliwa katika muda huo.

Isidhaniwe kwamba hakuna lililofanywa. Taasisi ya Kukuza Mitaala ilipeleka masomo hewani kwa redio na runinga, na mengine yakawekwa katika intaneti. Lakini masomo hayo hayakushuka sawasawa juu ya watoto wote, kama mvua nayo isivyoshuka sawasawa juu ya mashamba yote. Mtoto wa Malindi mjini au Mtwapa, ambaye wazazi wake walikuwa na simu nzuri na fedha za kuitilia, aliweza kupata masomo kila siku. Mtoto wa bara ya Ganze au Magarini, ambaye nyumbani kwao hapakuwa na umeme, na simu moja ya baba ilipelekwa dukani kutiwa moto, alipata machache au hakupata kitu. Tena mahoteli ya Watamu na Malindi yalikuwa yamefungwa, na mzazi aliyepoteza kazi hufikiri unga kwanza kabla ya intaneti. Shule zilipofunguliwa, wako wanafunzi ambao hawakuonekana tena. Baadhi ya wasichana walikuwa wameshakuwa mama, na baadhi ya wavulana walikuwa wameshazoea kazi ya kibarua.

Kasoro ilikuwa wapi? Wengi husema ilikuwa katika uchache wa vyombo. Mimi nasema hiyo ni nusu ya jawabu. Walimu waliosoma kwa posta hawakuwa na simu wala intaneti, lakini walisoma na wakafaulu. Tofauti ni kwamba wakati ule kazi ya mwanafunzi ilirudi kwa mwalimu, na neno la mwalimu likarudi kwa mwanafunzi. Mwaka 2020 mara nyingi somo liliondoka lisirudi. Mtoto asiyejibu hakujulikana kama amelala, ameugua au ameacha shule kabisa.

Basi kila shule na ijiandae wakati wa salama, maana mwezi Mei 2024 mafuriko yalichelewesha kufunguliwa kwa shule nchini kote, na Mto Sabaki haukutupa ahadi kwamba hautafurika tena. Kwanza, shule iwe na orodha ya wanafunzi inayoonyesha kila mmoja aishi wapi, nyumbani kwao kuna redio au simu au hakuna, na ni mtu mzima gani awezaye kumsimamia. Pili, somo liandikwe katika karatasi moja fupi, nayo imfikie mwanafunzi kabla ya kipindi cha redio. Tatu, pachaguliwe mahali pa kuchukua na kurudisha karatasi kila juma: dukani, msikitini, kanisani au chini ya mwembe wa kijiji. Nne, kila kazi irudishwe na neno la mwalimu, hata likiwa neno moja. Tano, jina lisiloleta kazi kwa majuma mawili lisingoje la tatu. Mtu atumwe nyumbani kwake akaulize.

Nawe, msomaji, una sehemu yako. Ikiwa wewe ni wa kidato cha tatu na mtoto wa jirani ni wa darasa la tano, wewe ndiye kiongozi wa kikundi chake. Keti naye nusu saa, usikilize jawabu lake, na lile msiloliweza nyote wawili liandikeni limfikie mwalimu. Huhitaji chombo chochote kwa kazi hiyo isipokuwa subira.

Wahenga hawakukosea. Fimbo iliyotupwa pembeni haiui nyoka. Lakini fimbo iliyopokezwa mkono kwa mkono, kutoka kwa mwalimu mpaka kwa jirani, na kutoka kwa jirani mpaka kwa mtoto, haiko mbali tena.